Dirisha la Studio na Meza ya Wahakiki: Jinsi Kazi za Wapiga Picha wa Pwani Zilivyotambuliwa

Mapitio ya potifolio ni kikao ambacho mpiga picha huketi mezani, hufungua mkusanyiko wa kazi alizozichagua mwenyewe, na kumwachia mhakiki azitazame moja baada ya nyingine huku wakizungumza. Mhakiki huyo aghalabu ni mratibu wa maonyesho, mhariri wa gazeti, mchapishaji wa vitabu vya picha au mwenye jumba la sanaa, na muda wake huwa mfupi, takriban dakika 20, kabla mpiga picha hajakusanya vitu vyake na kuhamia meza nyingine. Mizizi ya utaratibu huu iko kusini mwa Ufaransa, katika tamasha la Arles lililoanzishwa mwaka 1970, ambako wapiga picha chipukizi walizoea kuwafuata wakubwa wa fani yao na kuwatandazia kazi zao. Sura yake rasmi ilipatikana Houston, Marekani, kwa juhudi za Frederick Baldwin na Wendy Watriss, ambao waliasisi shirika la FotoFest mwaka 1983 na kufanya tamasha lao la kwanza mwaka 1986. Tangu hapo meza ya wahakiki imehesabiwa kuwa mahali ambapo kazi ya maana, iliyokuwa haijulikani, huibuliwa na kupewa jina.

Katika pwani ya Kenya meza hiyo ni ngeni, na hadi leo ni wachache mno waliowahi kuketi kwayo. Hata hivyo kazi inayofanywa na kikao hicho, yaani kuamua ni picha ipi inayostahili kutazamwa mara ya pili na ni nani aliyeipiga kwa ustadi, imefanywa katika pwani hii kwa zaidi ya karne moja, ila na watu wengine na kwa vipimo vingine. Wateja, majirani, wapita njia na, baadaye sana, watafiti kutoka vyuo vikuu vya mbali ndio waliokuwa wahakiki. Ukiifuata historia hiyo, jambo moja hujitokeza tena na tena: karibu kila kazi kubwa ya pwani iliyokuja kutambuliwa haikupelekwa mezani na mwenyewe, bali ilifuatwa ilipo, na mara nyingi ilifuatwa baada ya mwenyewe kuzeeka au kufariki.

Muyeye, mtaa wa mji wa Malindi katika Kaunti ya Kilifi, hautajwi katika historia ya matamasha ya picha, na kwa sababu hiyo hasa unafaa kuwa mahali pa kuanzia. Ni mtaa wa watu wa kawaida, Wamijikenda, Waswahili na wahamiaji kutoka bara, ambao wengi wao riziki yao imefungamana kwa namna moja au nyingine na hoteli, bahari na soko la Malindi. Mji wenyewe umeingia katika vitabu kwa macho ya wageni: Vasco da Gama alitia nanga hapo mwaka 1498, na nguzo ya Wareno iliyobaki ufukweni imekuwa kitu kinachopigwa picha mno katika mji huo. Watalii walipoanza kumiminika baada ya uhuru, na Waitaliano walipozoea njia ya Malindi kwa sababu, pamoja na mengine, ya kituo cha anga cha San Marco kilichojengwa Ngomeni na kurusha setilaiti yake ya kwanza kutoka hapo mwaka 1967, kamera zikazidi. Si kutia chumvi kusema kwamba kwa miongo kadhaa mkazi wa Malindi alipigwa picha mara nyingi zaidi kuliko alivyopiga, na kwamba nyingi ya picha hizo alizopigwa hakuwahi kuziona.

Kamera ilifika katika maji haya mapema. James Augustus Grant, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyefuatana na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha Mto Nile, alipiga picha Unguja mwaka 1860, na kabla ya muongo huo kumalizika A. C. Gomes alikuwa ameanzisha studio Mji Mkongwe. Gomes alikuwa Mgoa, yaani mtu wa asili ya Goa, iliyokuwa koloni la Ureno katika pwani ya magharibi ya India, na Wagoa wengine, miongoni mwao ndugu wa ukoo wa Coutinho, walimfuata katika biashara hiyo. Waliwapiga picha masultani na mabalozi, lakini pia walitengeneza kadi za posta, na hapo ndipo uchujaji wa kwanza wa kazi za pwani ulipotokea. Picha iliyowapendeza wasafiri wa meli ilichapishwa upya kwa wingi, ile isiyowapendeza ikabaki kabatini. Na katika kuchapishwa huko jina la aliyepigwa lilidondoka, pakabaki maelezo ya jumla kama vile mwanamke wa Kiswahili, mchukuzi, au bibi harusi. Maelfu ya picha za Afrika Mashariki za wakati huo, ambazo Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani kilizipata mwaka 2002 kama mkusanyiko wa Winterton, leo zinasomwa na wanahistoria wanaojitahidi kurudisha majina ambayo soko la kadi lilikuwa limeyafuta. Kazi hiyo ni ngumu, na katika picha nyingi haitafanikiwa.

Hali ilibadilika studio zilipoanza kutegemea wenyeji kama wateja. Ranchhod Oza, aliyejifunza kazi katika studio ya Gomes, alifungua Capital Art Studio Unguja mwaka 1930; na huko Mombasa, N. V. Parekh alifungua yake mwaka 1942 na kuwa, kwa miongo minne iliyofuata, mpiga picha ambaye familia za mji huo, Waswahili, Waarabu, Wahindi na watu wa bara, zilimwendea zilipotaka picha ya kukumbukwa. Kwa mtu wa Malindi, Mombasa ilikuwa mbali kuliko kilomita 120 zinavyoonyesha, kwa kuwa mkono wa bahari wa Kilifi ulivukwa kwa feri hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Safari ya kwenda kupigwa picha studio maarufu ya mjini ilikuwa basi safari ya makusudi, ya harusi, ya Idi, au ya kuagana na anayekwenda ng'ambo.

Ufundi wa studio hizo unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu bila kuuelewa hakuna mhakiki awezaye kusema ni kwa nini picha fulani ni bora kuliko nyingine. Mteja aliketishwa mbele ya pazia, taa kuu ikawekwa juu upande mmoja wa uso, na taa ndogo ikafichwa nyuma ya bega ili nywele au ukingo wa kofia upate mwanga na kutengana na giza la nyuma. Kidevu kiliinuliwa kidogo, macho yakaelekezwa nje ya fremu, mikono ikapangwa. Na wachumba walipopigwa pamoja, vichwa viliegemezwa kwa namna iliyowakumbusha watazamaji mabango ya sinema za Bombay na Hollywood yaliyokuwa yakibandikwa nje ya majumba ya sinema ya Mombasa. Baada ya filamu kusafishwa katika chumba cha giza, negativu, yaani kile kipande cha filamu ambamo weusi huonekana weupe na weupe huonekana weusi, iliwekwa juu ya kioo chenye mwanga na kuguswa kwa ncha kali ya penseli. Penseli huzuia mwanga, na kwa hiyo kovu au chunusi iliyopakwa hutoka nyepesi kwenye karatasi na kupotea ndani ya ngozi. Kisha baadhi ya picha zilitiwa rangi kwa mkono, midomo na mashavu kwanza, halafu dhahabu ya mikufu. Picha iliyokamilika ilipigwa muhuri wa studio mgongoni, na muhuri huo mara nyingi ndio ushahidi pekee uliobaki wa aliyeipiga.

Uhakiki wa kazi hizo ulifanyika dirishani. Kila studio yenye hadhi ilikuwa na dirisha la kioo linalotazama barabara, ambamo mpiga picha alipanga sampuli za kazi zake, na uchaguzi wa picha za kutiwa humo ulikuwa uamuzi wa kibiashara na wa kijamii kwa wakati mmoja. Kumweka msichana wa watu dirishani bila idhini ya jamaa zake kulikuwa kuvunja heshima yao. Kumwacha nje kijana tajiri aliyelipia picha kubwa kulikuwa kupoteza mteja. Wapita njia walisimama, wakatazama, wakabishana kuhusu nani amependeza na nani ametolewa vibaya, na aliyeridhika aliingia akaomba apigwe kama yule. Huko ndiko kutambuliwa kwa mpiga picha kulikopatikana, na hakukuwa kudogo: sifa iliyotoka dirishani ilienea miji mingine kwa njia ya picha zilizotumwa kwa barua na albamu zilizofunguliwa mbele ya wageni. Vipimo vyake vilikuwa unadhifu, kufanana na sura ambayo mtu alitamani kuwa nayo, na staha. Upya wa mtindo, ambao meza ya wahakiki wa leo huuthamini kupita kiasi, haukuulizwa na mtu.

Walakini upya ulikuwepo, na ulizaliwa mbali na mji mkubwa. Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932 katika familia yenye asili ya Hadhramaut na kufariki mwaka 1993, alijifundisha mwenyewe upigaji picha na kuendesha Bakor Studio mjini Lamu, mahali ambapo wapo watu wa dini waliotilia shaka uhalali wa kutengeneza sura ya mwanadamu. Pengine shaka hiyohiyo ndiyo iliyomfungulia njia. Bakor hakutosheka na sura iliyotoka kwenye kamera. Alikata picha kwa mkasi, akaziunganisha na nyingine, akapiga upya mchanganyiko huo, hata uso wa mteja ukaonekana umechomoza ndani ya ua au umewekwa mahali ambapo mwili wake haukuweza kufika. Fani hii ya kubandika picha juu ya picha ilikuwa imejadiliwa sana na wasanii wa Ulaya tangu miaka ya 1920, lakini Bakor aliifikia kwa njia yake, kwa wembe, gundi na subira ya chumba cha giza cha mji usio na magari. Kwa watu wa Lamu hizo zilikuwa picha za mapenzi na za mzaha mzuri. Hakuna aliyehitaji kuziita sanaa ili azilipie.

Upande wa pili wa historia hii haukuwa na dirisha wala kuta za mawe. Filamu ya rangi na mashine za kuisafisha kwa haraka zilipoenea mijini katika miaka ya 1980, mpiga picha hakulazimika tena kuwa na chumba cha giza. Kamera moja na nauli ya kupeleka filamu maabara vilitosha kumfanya mtu kuwa fundi. Vijana wengi, hasa waliotoka bara, waliingia kazi hiyo, na baadhi yao walijenga vibanda vya mbao na mabati karibu na kivuko cha Likoni, kusini mwa kisiwa cha Mombasa, ambako umati wa abiria wa feri hupita kila siku. Ndani ya vibanda hivyo walitundika mapazia, maua ya plastiki, karatasi za kumetameta na mandhari zilizochorwa: meli, ndege, maghorofa, na zile Pembe za Ndovu za barabara ya Moi zinazoutambulisha mji. Mfanyakazi wa bandarini au mtumishi wa nyumbani alisimama mbele ya meli asiyoipanda na kutuma picha hiyo kwao Ukambani au Nyanza, na jamaa zake walielewa bila kuambiwa kwamba meli ile ni ya kuchorwa na kwamba salamu zile ni za kweli. Agosti 1997 eneo la Likoni lilikumbwa na machafuko ya kisiasa yaliyowalenga hasa wahamiaji wa bara, na wapiga picha hao walikuwa miongoni mwa watu waliokuwa njiani mwa ghasia.

Wahakiki wa nje walifika wakati huohuo. Heike Behrend, mwanaanthropolojia wa Kijerumani, alichunguza studio za Mombasa na Lamu na vibanda vya Likoni katika miaka ya 1990. Mwaka 1998 yeye na Tobias Wendl waliandaa mjini Munich maonyesho makubwa ya studio za Afrika yaliyoitwa Snap me one!, na mwaka 2013 Behrend alichapisha kitabu kizima kuhusu upigaji picha wa pwani ya Afrika Mashariki. Isolde Brielmaier, mwanahistoria wa sanaa wa Marekani, aliifanya kazi ya Parekh kuwa msingi wa utafiti wake wa uzamivu. Prita Meier, aliyeandika kwa kina kuhusu picha za pwani ya Waswahili, aliratibu pamoja na Allyson Purpura maonyesho ya sanaa za Waswahili yaliyofunguliwa mwaka 2017 katika jumba la Krannert, Chuo Kikuu cha Illinois, yakiwa na vitu vilivyoazimwa kutoka Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Hawa ndio waliowaweka Bakor na Parekh katika vitabu. Inafaa kusema wazi kwamba hawakufanya hivyo mezani kwa dakika 20, bali kwa miaka ya kukaa mabarazani, kuuliza nani ni nani katika picha, na kuomba masanduku yafunguliwe.

Mfano wa Mali unaonyesha tofauti iliyopo kati ya kutafuta na kupitisha macho. Seydou Keïta alikuwa amefungua studio yake Bamako mwaka 1948 na kuiacha miaka mingi kabla ya picha zake chache kutundikwa mwaka 1991 huko New York, katika maonyesho ya Africa Explores, bila jina la aliyezipiga. Watazamaji walizishangaa, mratibu wa maonyesho André Magnin akafunga safari kwenda Bamako kumtafuta mwenyewe, na kufikia mwaka 1994 Keïta alikuwa na maonyesho yake binafsi Paris. Mwaka huohuo Bamako ilipata tamasha lake la picha la Afrika nzima, ambalo limekuwa mahali pa wapiga picha wa bara hili kuonana na kuonyeshana kazi. Baada ya Keïta kufariki mwaka 2001, negativu zake zilizusha mgogoro wa kisheria kuhusu nani mwenye haki nazo. Kutambuliwa kuliongeza thamani ya masanduku yake, na thamani ikaleta wagombeaji.

Kenya nayo ina kisa chake, kilicho karibu zaidi na utaratibu wa mapitio. Priya Ramrakha, kijana wa Nairobi aliyezaliwa mwaka 1935 katika jamaa ya wanahabari wa Kihindi waliokuwa na gazeti la kupinga ukoloni, alionyesha kazi zake kwa Eliot Elisofon, mpiga picha wa jarida la Life, naye akamsaidia kwenda kusoma Los Angeles. Ramrakha alirudi akawa mpiga picha wa Time na Life, akapiga harakati za uhuru kutoka Kenya hadi Aden, na akauawa kwa risasi Biafra mwezi Oktoba 1968. Hapo jicho la mhakiki mmoja lilitosha kufungua mlango. Lakini mlango ulifungwa tena: picha zake zilikaa zaidi ya miaka 30 katika gereji mjini Nairobi hadi jamaa yake, Shravan Vidyarthi, alipozitafuta na kuziokoa, na kitabu cha mkusanyiko huo kikatoka mwaka 2018. Mtu aliyekwisha kuhakikiwa na majarida makubwa duniani alihitaji kugunduliwa mara ya pili na watu wa nyumbani kwake.

Meza yenyewe imesogea karibu katika miaka ya hivi karibuni. Aida Muluneh alianzisha Addis Foto Fest mwaka 2010, tamasha lenye mapitio ya potifolio ambalo limewaleta wahakiki wa kimataifa Addis Ababa badala ya kuwalazimisha vijana kutafuta viza za Ulaya. Kampala, tuzo ya picha za habari ya Uganda iliyoanza mwaka 2012 ilikua hadi kuhusisha wapiga picha wa ukanda mzima na kuwapa walezi wa kazi. Matunda ya juhudi za aina hii yalionekana Arles mwaka 2016, pale Sarah Waiswa, mzaliwa wa Uganda anayeishi Nairobi, aliyependekezwa na Muluneh, alipotwaa tuzo ya ugunduzi kwa mfululizo wa picha za mwanamke mwenye ualbino akipita Kibera. Kenya pia ilikuwa na namna yake isiyo na meza wala ada: mwaka 2009 Boniface Mwangi na wenzake walianzisha Picha Mtaani, wakazitundika barabarani katika miji mbalimbali picha za ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, na watu waliozipitia walikuwa haohao waliozishuhudia ghasia hizo. Kati ya njia zote hizi, hiyo ya mwisho ndiyo iliyofanana zaidi na dirisha la studio.

Faida za meza si za kubezwa, lakini kasoro zake zinaonekana vizuri zaidi ukiwa Malindi kuliko ukiwa Houston. Kwanza, mapitio mengi makubwa hutoza ada, na juu ya ada kuna nauli, hoteli na uchapaji wa picha kwenye karatasi nzuri. Mpiga picha wa Muyeye anayeishi kwa harusi, mahafali ya shule na picha ndogo za pasipoti hana akiba ya kukodi viti vya watu wa kumtazama. Pili, meza hudai mradi, yaani mfululizo wa picha zenye wazo moja linaloweza kuelezwa kwa sentensi chache, ilhali kazi ya fundi wa mtaani ni maelfu ya picha moja moja zilizopigwa kwa agizo la wengine, ambazo ubora wake hauonekani mpaka zikusanywe. Parekh mwenyewe angeketi kwenye meza hiyo mwaka 1950, yamkini angeulizwa mradi wake unahusu nini, na asingekuwa na jibu isipokuwa orodha ya wateja wake.

Kasoro ya tatu ni nzito kuliko hizo mbili, na haiondolewi kwa fedha. Sehemu kubwa ya picha bora za pwani haikukusudiwa kuonekana na mgeni. Katika sherehe za harusi za wanawake wa Kiswahili, ambako bibi harusi hutolewa akiwa amepambwa kwa hina, asumini na dhahabu mbele ya wanawake wenzake, wanaume hawaingii, na siku hizi ni kawaida simu za waalikwa kukusanywa mlangoni au kupigwa marufuku kwa tangazo lililoandikwa kwenye kadi. Mpiga picha aliyeajiriwa huwa mwanamke, na kazi yake huishia katika albamu au kumbukumbu inayokabidhiwa familia. Miongoni mwa wanawake hao wamo mafundi wenye jicho la hali ya juu, wanaojua kutafuta mwanga katika ukumbi wenye taa za rangi na kumtuliza bibi harusi aliyechoka, lakini hawawezi kuzipeleka kazi zao mezani bila kuvunja amana waliyopewa. Behrend aliona jambo hili na kulifanya kiini cha kitabu chake: katika pwani hii haki ya kutoonekana ina uzito sawa na tamaa ya kuonekana. Utaratibu wa kugundua vipaji unaodhani kwamba kila picha inataka kutazamwa na wote utazikosa daima picha hizi. Haifai kuulaumu kwa kuzikosa, ila usidai kwamba ulichokiona ndicho kilichopo.

Thamani ya picha pia inaweza kujitokeza mahali ambapo hakuna mhakiki wa sanaa hata mmoja, na mfano wake uko katika Kaunti hiihii ya Kilifi. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda akiwa kando ya vigango viwili, yaani nguzo za mbao zilizochongwa na kusimikwa kwa ajili ya ndugu zake waliofariki. Baada ya muda mfupi vigango hivyo viliibwa. Miaka mingi baadaye kimoja kilitambuliwa katika makumbusho huko Illinois na kingine katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia, na ile picha ya 1985 ndiyo iliyothibitisha bila ubishi kwamba ni vyenyewe, hata vikarudishwa Kenya mwaka 2006 na 2007. Kwa vipimo vya meza ilikuwa picha ya kawaida, mtu amesimama mbele ya vitu vyake. Hakuna picha ya pwani iliyoshinda tuzo ambayo imerudisha kitu chochote nyumbani kama ile.

Kinachoitishia historia hii kwa sasa ni hewa. Filamu nyingi za karne iliyopita zilitengenezwa kwa asetati, aina ya plastiki ambayo, ikikaa kwenye joto na unyevu, hutoa asidi na kunuka siki, kisha hujikunja na kupasuka. Na ute wa jelatini unaobeba sura huliwa na kuvu. Malindi ina joto na unyevu wa kutosha kwa yote mawili, na masanduku ya studio zilizofungwa mafundi walipostaafu au watoto walipohamia biashara za simu hayawezi kusubiri mratibu mwingine atoke Munich au New York.

Kwa hiyo wito unawahusu walio nayo. Familia yoyote ya Muyeye, ya Malindi au ya Kilifi yenye sanduku la negativu au albamu ya studio na ilitoe sakafuni, ilihifadhi mahali pakavu, iandike kwa penseli mgongoni mwa kila picha jina la aliyepigwa, jina la aliyepiga na mwaka, maadamu wazee wanaoyajua wapo hai. Na isikabidhi negativu asilia kwa mgeni yeyote, awe mtafiti au mnunuzi, bila hati iliyotiwa sahihi. Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yana tawi lake Malindi, katika jengo la kale liitwalo Jumba la Nguzo, na hapo ndipo pa kuanzia kuuliza.